Diski ya C5 na C6 imekauka, sasa za jirani nazo zinalalamika. Ugonjwa wa shingo unahama?

FundiDari

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi jipsam na rangi, umri miaka 47, kazi zangu nyingi ni Dar na Kibaha. Huu ni mwaka wa 22 naangalia juu. Maneno ya kitaalamu sina, nitaeleza kama nilivyoyaona.

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa juu ya jukwaa kwenye sebule ya mtu Kibaha, nafunga bodi ya mwisho kwenye kona. Bodi nimeikingia kichwa, kama tunavyofanya tukiwa wawili tu, mkono wa kushoto umeshika ukingo, wa kulia una drili. Ghafla shoti ikatoka shingoni, ikashuka mkono wa kulia hadi kidole gumba na cha shahada. Nikampigia kelele saidia fundi wangu achomoe waya haraka. Akaniangalia, akasema, "Fundi, drili ya betri hiyo."

Nikaenda hospitali, nikapigwa MRI. Karatasi ilisema diski (ule mto laini) ya kati ya pingili ya 5 na ya 6 ya shingo, ndizo hizo C5 na C6, imekauka na imepungua kimo, vijimfupa vimeota pembeni, na tundu la mshipa wa fahamu upande wa kulia limebana. Nikapewa dawa, mazoezi, na miezi miwili ya kutopanda jukwaa. Miezi ile njaa ilinijua kwa jina. Lakini shoti iliisha kabisa, nikarudi kazini.

Sasa tangu Machi maumivu yamerudi, ila si yale. Hakuna shoti, hakuna ganzi. Ni uzito na uchungu hapa kwenye kona ya shingo na bega, unazidi nikiangalia juu, na usiku nikijigeuza naamka. Nimepiga MRI ya pili. Pale kwa 5 na 6 wameandika hakuna mabadiliko makubwa. Ila diski ya juu yake, 4 na 5, imeanza kutokeza na viungo vyake vya nyuma vimevimba. Ya chini, 6 na 7, nayo imeanza kukauka. Aliyenisomea majibu alikuwa na foleni hadi mlangoni. Akasema ni mambo ya umri, akaandika dawa, akaita "anayefuata".

Swali langu ni hili. Diski ambayo hainiumi tena inawezaje kuwaumiza majirani? Inaambukiza? Mimi nimefikiria kifundi. Mlango wa bafu kwangu una bawaba tatu. Ya katikati ilishika kutu, ikakaza. Wiki kadhaa baadaye skrubu za bawaba ya juu zikaanza kutoka kwenye fremu, na tundu zake zimepanuka hadi njiti ya kiberiti inaingia. Ile yenye kutu haijalegea hata kidogo. Ndiyo nzima kuliko zote ukiitazama! Je, shingo yangu ndiyo hivyo? Na kama ndivyo, mbona kuna mtu kaniambia dawa ni operesheni ya kuunganisha hizo pingili ziwe kitu kimoja? Si ndiyo kuikaza bawaba moja kwa moja?

Naomba kuwasilisha.

MazoeziTu

Pole sana fundi. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, nipo Mwanza, mwaka wa 14 kazini. Hiyo bawaba naichukua, kesho naitumia kwa mgonjwa. Ila kuna mahali inadanganya, nitapafikia.

Tuanze na ramani. Shingo ina pingili 7, lakini pingili mbili za juu kabisa hazina diski kati yao. Hapo kazi kubwa ni kugeuza kichwa kushoto na kulia, karibu nusu ya mgeuko wote unatoka hapo. Kuanzia pingili ya 2 kushuka, kila ghorofa, yaani pingili mbili zinazopakana, imekaa kama kigoda cha miguu mitatu: diski mbele, na nyuma viungo viwili vidogo, kushoto na kulia, vyenye gegedu na ute kama goti lako. Kwa hiyo diski ina majirani wa aina mbili. Kuna wa nyumba moja, yaani hivyo viungo vya nyuma, halafu kuna wa ghorofa ya juu na ya chini. Watu huuliza habari za hao wa ghorofa, wakati wa kwanza kuumia ni wa nyumbani.

Diski ya kijana ina ute katikati ambao karibu asilimia 80 ni maji. Mishipa ya damu haifiki ndani, inakula kwa kufyonza kupitia tabaka la gegedu lililopo juu na chini yake. Miaka ikienda, vile vitu vinavyoshika maji hupungua, na kimo kinashuka. Milimita moja au mbili unaona si kitu, lakini nyuma kule viungo vilivyokuwa vinagusana kwa adabu sasa vinakaliwa. Kano zilizokuwa zimenyooka zinalegea, kama kamba ya kuanikia nguo nguzo ikiinama. Pembeni mwa diski kuna kingo za mfupa, nazo zinaanza kusagana, na mwili unajibu kwa kuotesha mfupa ili upate sehemu pana ya kubebea mzigo. Mfupa huo ukiota kuelekea tundu la mshipa, ndiyo shoti yako. Mshipa unaotoka kati ya 5 na 6 unakwenda hasa gumba na kidole cha shahada, kwa hiyo maelezo yako na karatasi yako vinasema kitu kimoja. Na kuangalia juu kunapunguza upana wa matundu hayo na kuvigandamiza viungo vya nyuma. Wewe ulikuwa unaangalia juu na bodi ipo kichwani. Mzigo juu ya kichwa unapita moja kwa moja kwenye diski.

Sasa mahali bawaba inapodanganya. Bawaba ikishika kutu inakaza tu. Diski kwanza hulegea. Kuna daktari wa mifupa, Kirkaldy-Willis, aliyepanga hali hii kwa hatua tatu akizungumzia mgongo wa chini: kiungo kinavurugika, kisha kinalegea, kisha kinakakamaa. Shingo haifuati mstari huo kama treni, lakini mwelekeo ndio huo. Mfupa unaota, kimo kinaisha, ghorofa inatulia kwa kugoma kusogea. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya shoti kuisha: uvimbe ulitulia na ile ghorofa ikapunguza kuchezacheza.

Ndipo zamu ya majirani inafika. Macho yako yanataka kuona skrubu, na ubongo haujali nyuzi za kuinama na kuinuka zinatoka ghorofa gani. Kwa mtu mwenye shingo nzima, ghorofa ya 5 na 6 ni miongoni mwa zinazoinama na kuinuka zaidi kuliko zote. Ikigoma, deni linahamia 4 na 5 juu, na 6 na 7 chini. Mwaka 2002 Eck na wenzake walichukua shingo za maiti, wakaunganisha pingili ya 5 na 6 kwa bamba la chuma, kisha wakaziinamisha mbele kiasi kilekile zilichoinama kabla ya bamba. Presha ndani ya diski ya juu ilipanda kwa asilimia 73, ya chini kwa asilimia 45. Ilikuwa maabara, na ile shingo ililazimishwa kufika palepale. Mtu aliye hai anaweza kuamua asifike. Hilo "anaweza kuamua" ndilo pona yako, tutalirudia.

Jambo la mwisho ambalo hata wagonjwa wangu wa muda mrefu huwa hawalijui. Diski mara nyingi hupungua kimo zaidi upande wa mbele. Ghorofa hiyo ikiinamia mbele, kichwa nacho kinataka kuinama, na wewe huwezi kutembea unaangalia viatu. Ghorofa za juu yake zinajikunja nyuma kidogo ili macho yawe sawa na upeo. Maana yake 4 na 5 yako huenda inaanza siku ikiwa tayari imeangalia juu, kabla hujapanda jukwaa. Maumivu ya kona ya shingo na bega bila ganzi yanafanana sana na ya viungo vya nyuma vya ghorofa hiyo.

Kabla ya yote nijibu haya: unafunga vifungo vya shati bila tabu? Skrubu zinakudondoka bila sababu? Ukitembea gizani unayumba, miguu inakuwa mizito? Haja ndogo iko sawa?

Babu Tiba Asili

Mafuta ya mbuni na mzizi mmoja hivi unaotoka Singida. Siku saba diski inarudi na maji yake. Njoo faragha.

FundiDari

Babu, maji yakirudi kwenye diski kwa kupaka shingoni, na mimi nitaanza kupiga rangi ukuta wa nje ili sebule ing'ae.

MazoeziTu, ubarikiwe. Vifungo nafunga. Skrubu hazidondoki, nazishika nne mdomoni na tatu mkononi kama kawaida. Siyumbi. Haja iko sawa. Umenishtua na hilo la kuanza siku nikiwa tayari naangalia juu, kwa sababu mke wangu ananiambia siku hizi kidevu kimetangulia. Nilidhani ananitania.

Swali jingine. Kinyozi wangu akimaliza kunyoa hunipapasa shingo, halafu anaizungusha ghafla, inaalika kwaa! kushoto, kwaa! kulia. Natoka pale nimekuwa mwepesi saa nzima, halafu jioni ni kilio. Naendelea au niache?

MazoeziTu

Acha leo. Wala simsemi vibaya kinyozi, tufuate fizikia yako mwenyewe. Ukiusukuma mlango ule wa bafu kwa nguvu, bawaba gani inasogea? Si ile yenye kutu. Inasogea ile ambayo skrubu zake zimeshalegea. Shingo ni hivyohivyo: msukumo wa ghafla unaokwenda shingo nzima hauchagui ghorofa, unapita penye njia rahisi. Unaalisha 4 na 5 ambayo imeshachoka kusaidia. Ule wepesi wa saa moja ni wa kweli, misuli hulegea kwa muda. Kilio cha jioni nacho ni cha kweli. Na shingo yenye vijimfupa na matundu yaliyobana haizungushwi na mtu ambaye hajaona picha.

Kinyozi Wa Kona

Sisi tumekosa nini tena. Mteja asipoalishwa anasema hajanyolewa. Ila kuanzia leo nitauliza kwanza.

Mama Sele

Mdogo wangu fundi, pole. Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 61. Wewe ulikuwa unaangalia juu, mimi nilikuwa nainamia madaftari ya kusahihisha, tumekutana kwenye pingili ileile.

Yangu ya 5 na 6 iliunganishwa mwaka 2014. Nilipelekwa nje ya nchi na wanangu. Sikukimbilia kisu, mkono wa kulia ulikuwa unaisha nguvu, chaki inaanguka katikati ya neno. Walipita mbele ya shingo, wakatoa diski, wakaweka kipande badala yake na bamba lenye skrubu nne. Sauti ilikuwa ya kukwaruza wiki kadhaa na uji ulinipita kwa shida, mbele huko watu hawakuelezi hilo vizuri. Nguvu za mkono zilirudi. Sijutii, nakwambia mapema ili usinielewe vibaya.

Mwaka juzi kidole changu cha kati kikaanza ganzi. Picha ikaonyesha ghorofa ya chini, 6 na 7. Nikamuuliza daktari, je, ni bamba lile limeiua? Alikuwa mtu mkweli. Akasema, "Mwalimu, hiyo diski ilikuwa na umri wako hata kabla ya bamba." Hakunipa jibu zaidi ya hapo na mimi nikaridhika kwa namna fulani, ingawa usiku bado nauliza.

Kitu kimoja nilichojifunza: asubuhi siinuki kwa kuvuta kichwa. Nalala ubavu, nateremsha miguu, nasukuma kwa mkono. Nilikuwa naanza siku kwa kuinyonga ile ya juu kabla hata ya chai.

MazoeziTu

Shikamoo Mama Sele. Daktari wako alikupa jibu la haki, na niongezee alipoishia, maana ndilo jibu la swali la pili la fundi pia.

Mwaka 1999 Hilibrand na wenzake Marekani walichapisha taarifa za wagonjwa 374 waliounganishwa pingili za shingo. Kila mwaka karibu 3 katika 100 walipata dalili mpya kwenye ghorofa ya jirani, na wakakadiria kuwa ndani ya miaka 10 ni kama robo yao. Ukiishia hapo utasema bamba ndilo mkosaji. Lakini wao wenyewe walikuta jambo linaloenda kinyume na bawaba: waliounganishwa ghorofa nyingi walipata shida ya jirani kidogo kuliko waliounganishwa moja. Kama ingekuwa ni hesabu ya nyenzo peke yake, ingekuwa kinyume. Zile zinazozeeka mapema kwa watu wengi ni hizohizo 5-6 na 6-7, ukiunganisha moja yake ukamwacha mwenzake, amebaki jirani ambaye tayari alikuwa njiani.

Halafu kuna watu wasioumwa kabisa. Japani, Matsumoto na wenzake walipiga MRI watu 497 wasio na dalili, wakachapisha 1998. Waliozidi miaka 60, zaidi ya asilimia 85 walikuwa na diski zilizochakaa, na hawana habari. Kwa hiyo picha ya jirani aliyekauka haitoshi kumhukumu. Mimi maoni yangu, na wapo wenzangu wasiokubaliana nami: umri ndio unaolainisha mbao, ghorofa iliyogoma inachagua skrubu ipi itoke kwanza.

Fundi, operesheni ya kuunganisha hufanywa kwa sababu ya mshipa wa fahamu au uti wa mgongo wenyewe kubanwa: mkono unaisha nguvu kama wa Mama Sele, au miguu inayumba, au maumivu ya mkono hayasikii dawa wala mazoezi. Hapo unakubali deni la jirani ili uokoe mkono. Haifanywi kwa sababu karatasi imeandika "imekauka". Kuna na diski za bandia zinazoruhusu ghorofa iendelee kusogea, zilitengenezwa kwa ajili ya kuwapunguzia majirani kazi. Ila viungo vya nyuma vikiwa vimechakaa sana hazifai, kwa sababu unakipa mwendo kiungo kinachouma kikienda.

Kwako wewe, kazi iko kwenye nyuzi. Ghorofa 4 na 5 haina uwezo wa kukataa, lakini jukwaa lako unalipanga mwenyewe. Rangi piga kwa mpini mrefu ukiwa umerudi nyuma hatua mbili, jicho linapanda kwa mshazari, halihitaji kwenda wima. Skrubu usifunge iliyo juu ya utosi, sogeza miguu uifunge iliyo mbele ya paji la uso. Bodi isikingiwe kichwa tena, hilo sitaki mjadala. Na mgongo wa juu, kati ya mabega, ukiwa mgumu shingo ndiyo inalipa. Lala chali juu ya taulo iliyoviringishwa, iwe chini ya mabega na si chini ya shingo, dakika tano jioni. Misuli ya ndani ya mbele ya shingo ifundishwe: umelala chali, unaitikia "ndiyo" kidogo sana bila kuinua kichwa, unashikilia sekunde 10, mara 10. Ukitetemeka ujue ilikuwa imelala.

Kola ya shingo usinunue ukavaa mwezi mzima. Misuli inasinyaa, halafu ukiivua ghorofa zilezile zinabeba kichwa cha kilo karibu tano bila msaada.

FundiDari

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu, sikutaka kuandika kabla sijajaribu.

Nimetengeneza T ya mbao, mbili kwa mbili, ndefu kidogo kuliko dari, nimeivika kipande cha zulia kichwani isikwaruze bodi. Saidia fundi anaikaza chini kwa mguu, mimi nafunga. Siku ya kwanza ilinichelewesha, bodi sita badala ya kumi, mwenye nyumba akanuna. Sasa tumezoea. Kwenye rangi mpini mrefu unanipa shida kwenye kona, hapo bado napanda ngazi, ila ni dakika chache. Kwa kinyozi nilienda, akanyoa, akasimama nyuma yangu mikono hewani, akauliza, "Vipi hapa?" Nikamwambia hapo pumzika. Alihuzunika kidogo.

Usiku nalala hadi alfajiri siku nne au tano katika wiki. Nikiangalia juu kwa muda bado pananiuma palepale, sitadanganya. Ile "ndiyo" ya kulala chali siku ya kwanza nilitetemeka sekunde ya nne, mke wangu akacheka sana.

Nilimpelekea daktari mwingine zile picha zote mbili, akaziweka pamoja dirishani, akanionyesha mstari wa mbele wa pingili. Pale 5 na 6 umevunjika kidogo kuelekea mbele na juu yake umerudi nyuma, kama alivyosema MazoeziTu. Ameniagiza eksirei mbili, moja nimeinama mbele kadiri ninavyoweza, nyingine nimeangalia juu, ili aone kila ghorofa inasogea kiasi gani na kama 4 na 5 inateleza. Ni Jumanne asubuhi. Nikipata majibu nitayaandika hapahapa, na nitampimia Mama Sele ukubwa wa ile taulo kama naye anaihitaji.

Mama Sele

Naihitaji. Na andika vipimo kwa sentimita, za kifundi sizijui.